Fukuto la Kiuyu na joto la madereva: kwa nini namba ya kwenye simu haisemi yote

Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, salamu za asubuhi Kiuyu hazikosi neno fukuto. Mtu anaulizwa umeamkaje, anajibu salama, ila usiku fukuto halikulaza mtu. Ukiangalia simu unakuta imeandika nyuzi 31 au 32 tu. Ukimpigia jamaa yako aliyeko Muscat anakucheka, maana kwao mwezi wa Juni joto hupita nyuzi 40, basi unanyamaza. Lakini mwili wako haukukudanganya. Namba ile inaeleza nusu ya habari. Nusu iliyobaki imewahi kuwaangusha hata madereva wa mbio za magari, watu wenye mazoezi makali na madaktari wao pembeni, tena usiku, jua likiwa limeshazama.

Usiku wa Lusail

Tarehe 8 Oktoba 2023, katika uwanja wa Lusail nchini Qatar, yalifanyika mashindano ya Formula One ya mizunguko 57. Mbio zilipangwa usiku ili kulikwepa jua la Ghuba. Kipimajoto kilionesha nyuzi thelathini na kitu, joto ambalo mtu wa Pemba analijua tangu utotoni. Tatizo ni kwamba hewa ilikuwa imejaa mvuke wa bahari na upepo ulikuwa mdogo.

Esteban Ocon wa Ufaransa alitapika ndani ya kofia yake mbio zikiwa bado mbichi, akaendelea kuendesha hivyo hivyo mpaka mwisho na kushika nafasi ya saba. Logan Sargeant wa Marekani, ambaye siku hizo alikuwa ametoka kuugua mafua, alishindwa kuendelea akalirudisha gari kwa mafundi kabla mbio hazijaisha. Alexander Albon alipelekwa kwenye chumba cha matibabu. Lance Stroll wa Kanada alieleza baadaye kwamba macho yalikuwa yakimfifia kwenye kona za kasi, na alipotoka garini aliyumba mpaka kwenye gari la wagonjwa. Fernando Alonso, aliyekuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 20, aliomba kwa redio amwagiwe maji atakaposimama kubadilisha tairi. Mshindi alikuwa Max Verstappen, naye hakusema kwamba ilikuwa rahisi.

Kulikuwa na jambo moja lililozidisha. Kwa sababu za usalama, usiku huo kila seti ya tairi haikuruhusiwa kupita mizunguko 18. Kwa kawaida dereva huzitunza tairi zake, hupunguza mwendo hapa na pale, na mwili hupata nafasi ya kupumua. Usiku ule hapakuwa na haja ya kutunza tairi, basi wote wakakanyaga mafuta mwanzo hadi mwisho. Mtu anayelima kwa kupumzika na mtu anayelima bila kuinua mgongo hawachoki sawa, hata shamba likiwa moja.

Dereva wa magari hayo huvaa nguo za tabaka kadhaa zisizoshika moto, kuanzia ya ndani mpaka ya nje, na kofia ngumu, na kitambaa kinachofunika kichwa na uso, na glovu. Mgongoni kwake kuna injini. Mahali anapokaa joto hufikia nyuzi 50. Moyo hupiga zaidi ya mara 150 kwa dakika, kwa saa nzima na nusu. Katika mbio za Singapore, ambako hewa yake inafanana sana na ya pwani yetu, dereva anaweza kupungua kilo tatu kwa jasho peke yake.

Jasho lisilokauka halipozi

Hapa ndipo penye siri yote, na mwanamke wa Kiuyu anayeanika mwani anaijua bila kufundishwa. Siku ya upepo mkavu wa kusi, mwani uliotandazwa juani hukauka upesi. Siku ya maleleji, upepo umekufa, mwani huohuo unashinda siku nzima na bado ni laini. Jua lilikuwapo, joto lilikuwapo. Kilichokosekana ni nafasi hewani ya kupokea maji.

Hewa ni kama sifongo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke, na ikishajaa haipokei tena. Chumba cha mita tatu kila upande, katika usiku wa fukuto, kinaweza kuwa na zaidi ya nusu lita ya maji yanayoelea bila kuonekana. Wataalamu wanaposema unyevu ni asilimia 80 wanamaanisha sifongo imeshajaa sehemu 80 kati ya 100 za uwezo wake kwa joto lile. Nafasi iliyobaki kwa jasho lako ni ndogo.

Sasa linganisha mwili na injini. Injini ya gari hufanya kazi ikiwa na joto la nyuzi 90 hivi. Hewa ya nje, hata ikiwa nyuzi 32, kwake ni baridi. Maji yanazunguka ndani ya rejeta, feni inapuliza, joto linatoka. Unyevu wa hewa hauisumbui rejeta hata kidogo, kwa sababu haipozi kwa kukausha kitu. Mwili wa binadamu una nyuzi 37, na ngozi ya mtu aliye kwenye joto ina nyuzi 34 au 35. Ikiwa hewa ni nyuzi 32, tofauti ni ndogo mno kuweza kutoa joto lote ambalo misuli inazalisha. Ndiyo maana Mungu ametupa jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto jingi, karibu sawa na linalohitajika kuchemsha lita saba za maji ya kisima. Lakini lazima likauke. Jasho linalotiririka mpaka likadondoka chini limeondoka na maji na chumvi yako bila kukupoza chochote.

Mtungi wa udongo unafanya kazi kwa kanuni hiyo. Maji yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo, yanakauka upande wa nje, na yaliyobaki ndani yanapoa. Dodoma wakati wa kiangazi mtungi unatoa maji baridi ya kutosha kushtua meno. Pemba wakati wa fukuto mtungi uleule unatoa maji ya uvuguvugu, na si kosa la mfinyanzi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa hali ya hewa wametengeneza kipimo cha joto linalohisiwa, kinachojumlisha joto na unyevu. Kwa kipimo hicho, nyuzi 30 zenye unyevu wa asilimia 40 huhisiwa kama 29. Nyuzi hizohizo 30 zenye unyevu wa asilimia 80 huhisiwa kama 38. Nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 70 huhisiwa kama 41. Na hesabu hiyo ni ya kivulini. Kwenye jua kali unaweza kuongeza mpaka nyuzi nane.

Baada ya yaliyotokea Lusail, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, liliweka kanuni mpya. Ikitabiriwa kwamba joto linalohisiwa litapita nyuzi 31, mbio hutangazwa kuwa na hatari ya joto, na magari lazima yafungwe mtambo wa kumpoza dereva: fulana yenye mirija myembamba inayopitisha kimiminika cha baridi mwilini. Kwa maneno mengine wamemfungia binadamu rejeta. Tangazo la kwanza la namna hiyo lilitolewa kwa mbio za Singapore, Oktoba 2025. Wapo madereva wasioipenda fulana hiyo, wakisema inabana na haiwakai vizuri.

Chukua kipimo hicho cha 31 ukilete Kiuyu. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 tayari huhisiwa kama nyuzi 32. Maana yake, kwa kanuni za Formula One, karibu kaskazi yote ya Pemba ingetangazwa kuwa hatari ya joto, na kila anayefanya kazi nje angestahili fulana.

Si Qatar peke yake

Joto lilikuwa likiwaangusha madereva zamani kabla ya fulana hizo. Januari 1955, katika mashindano ya Argentina, Juan Manuel Fangio alishinda mbio za saa tatu kwenye jua la kiangazi cha kwao. Madereva wengi walishindwa kukaa garini wakawa wanapokezana, gari moja watu wawili au watatu. Waliomaliza peke yao bila kupokewa walikuwa wawili tu, Fangio na Roberto Mieres, wote wenyeji waliozaliwa katika hali ile ya hewa. Julai 1984 huko Dallas, Marekani, lami yenyewe ilianza kumeguka. Nigel Mansell wa Uingereza aliishiwa na gari karibu na mstari wa mwisho, akashuka kulisukuma, akazirai kandokando yake. Mshindi wa siku hiyo, Keke Rosberg wa Finland, alikuwa amevaa ndani ya kofia yake kofia nyingine laini inayopitishiwa maji ya baridi. Wengine hawakuwa nayo.

Kwetu Afrika Mashariki mbio kubwa ni Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilikuwa ikifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza, na adui mkubwa alikuwa tope. Mwaka 1963 na tena 1968 yalimaliza magari saba tu. Dereva aliyeshuka kutoka nyanda za juu mpaka Mombasa alikutana na hewa mbili tofauti katika safari moja: kule juu hewa nyepesi na baridi ya usiku, huku chini fukuto la pwani linalolowesha shati kabla hajafungua mlango. Tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, inafanyika Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Huko mchana jua ni kali lakini hewa ni kavu zaidi, jasho linakauka, na mtu hupumzika usiku. Mateso ya huko ni vumbi.

Injini nayo ina malalamiko yake, ingawa ni madogo kuliko ya dereva. Watu wengi hudhani hewa ya fukuto ni nzito. Kwenye mizani ni kinyume: chembe ya maji ni nyepesi kuliko chembe za oksijeni na naitrojeni, kwa hiyo hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi. Kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, zaidi ya sehemu tatu katika kila sehemu 100 za hewa ni mvuke tu, usiochoma mafuta. Juu ya hapo, hewa ya nyuzi 32 ina uzito pungufu kwa sehemu nne kwa 100 ikilinganishwa na ya nyuzi 20. Injini isiyo na taabo inavuta oksijeni kidogo, inapoteza nguvu kidogo. Mwenye bodaboda anayesema pikipiki yake inavuta vizuri alfajiri kuliko mchana hajakosea sana. Hata hivyo ajue kwamba mwenzake wa Naivasha amepoteza karibu moja ya tano ya hewa kwa sababu ya mwinuko. Sisi tuliopo usawa wa bahari tunapata hewa iliyoshiba.

Kazi isiyosubiri jua lipoe

Nchi za Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, zimeweka sheria. Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana, tangu Juni mosi hadi Septemba 15. Oman inakataza kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kwa mkulima wa mihogo au mponda kokoto wa Kiuyu, ushauri huo unawezekana kwa kiasi: anza baada ya sala ya alfajiri, acha saa nne, rudi baada ya alasiri. Mponda kokoto akumbuke kwamba jua linampiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye jiwe jeupe lililo mbele yake. Kibanda cha makuti manne juu ya kichwa kinapunguza zaidi kuliko kofia.

Kwa mkulima wa mwani mambo ni magumu zaidi. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na kazi nyingi hufanywa na wanawake. Kazi inafuata bamvua, mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka. Na kwenye pwani yetu maji ya bamvua hukauka kabisa kwenye saa nne asubuhi, siku zinazofuata saa tano, saa sita. Yaani bahari inakuita uende ufukweni saa ileile ambayo Qatar inawaambia wafanyakazi watoke juani. Huwezi kuiambia bamvua isubiri alasiri. Kwa hilo mkulima wa mwani anafanana na dereva wa Lusail kuliko mtu mwingine yeyote kijijini: saa amepangiwa, na katikati hawezi kusimama bila hasara.

Linalowezekana ni kuipunguzia kazi makali yake. Kwenda na maji ya kunywa, si lita moja ya watu watatu. Kunywa kikombe kila baada ya dakika 15 au 20 bila kungoja kiu, kwa sababu kiu huchelewa. Kuchovya kanga ya kichwani baharini mara kwa mara na kuivaa mbichi. Kanga ya pamba inafaa kuliko kitambaa cha nailoni, maana pamba inashika maji na kuyaachia taratibu. Na kwenda wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake, kwa sababu tutakayoieleza hapa chini. Maji yaliyobaki kwenye vidimbwi wakati wa bamvua yasikudanganye; juani hupata joto sana, na mwani wenyewe unalijua hilo. Aina ya cottonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikioza na kufa sehemu nyingi za Zanzibar bahari inapozidi kupata joto, na wakulima wengi wamebaki na spinosum.

Mwili huzoea joto, ila polepole. Huchukua wiki moja mpaka mbili za kufanya kazi juani kila siku ndipo mtu aanze kutoka jasho mapema, kwa wingi, na lenye chumvi kidogo. Madereva hujizoesha kwa kufanya mazoezi katika vyumba vilivyotiwa joto kabla ya kwenda Singapore. Kijana anayeanza leo kuponda kokoto, au aliyetoka kuugua homa, au aliyerudi kutoka Ulaya mwezi wa Januari, asishindane na mwenyeji siku ya kwanza.

Nyumbani usiku

Fukuto la usiku lina ubaya wake: linakunyima mapumziko, na kesho yake unaanza kazi mwili ukiwa bado una deni. Nyumba nyingi za Kiuyu zimebadilika kutoka makuti kwenda bati. Bati halivuji na halihitaji kuezekwa upya kila miaka michache, hakuna anayewalaumu waliolipenda. Lakini bati lililopigwa na jua siku nzima linamwaga joto chini kama kaango lililogeuzwa, wakati makuti yanapitisha hewa. Dari, hata ya mbao nyepesi au ya mikeka, inasaidia sana. Bati kupakwa rangi nyeupe linasaidia pia. Dirisha moja halifai kitu. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, na mababu waliojua pepo mbili za mwaka waliacha upenyo pande zote mbili, kaskazini na kusini.

Tangu umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, feni zimeongezeka. Feni haipozi hewa. Kazi yake ni kuondoa ile hewa iliyojaa mvuke inayoganda kwenye ngozi, ili nyingine iliyo kavu kidogo ichukue nafasi yake. Inafanya kazi vizuri madhali hewa ina nyuzi chini ya 35, yaani karibu kila siku ya mwaka hapa kwetu. Kwenye nyuzi 45 za Ghuba feni inakupulizia moto tu, na ndiyo sababu kule hawaishi bila kiyoyozi. Chandarua kinapunguza upepo, hilo ni kweli, lakini dawa si kukivua. Sogeza feni karibu, au lalia upande wa dirisha. Asiye na umeme ajimwagie maji kabla ya kulala na asijifute sana, au alalie shuka mbichi iliyokamuliwa.

Ukiona mwenzako amebadilika

Uchovu wa joto huanza kwa jasho jingi, kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, kichefuchefu. Huyo mpeleke kivulini, mlaze, inua miguu, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Maji ya chumvi na sukari yanamfaa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo. Linywe pamoja na chakula.

Hatari ya kweli inajulikana kwa akili. Mtu anaanza kujibu mambo yasiyoulizwa, anayumba, anakuwa mkali bila sababu, haoni vizuri kama alivyosema Stroll, au anaanguka. Ngozi inaungua ukiigusa. Inaweza kuwa kavu au bado ina jasho. Joto la mwili limepita nyuzi 40, na kila dakika inaharibu ubongo, figo na moyo. Yeye mwenyewe hatajua, ndiyo maana tumesema muende wawili. Wapo watakaosema amepatwa na upepo mbaya. Mwagieni maji kwanza, hayo mengine yatazungumzwa baadaye.

Kwa kuwa hewa yetu haikaushi upesi, kumlowesha kidogo na kumpepea hakutoshi. Yanatakiwa maji mengi: ndoo baada ya ndoo mwili mzima, au kumlaza kwenye beseni kubwa au dau lenye maji. Kisima cha Kiuyu kikiwa na maji ya chumvi hakuna shida, ngozi haichagui. Vitambaa vilivyolowa viwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu, vibadilishwe kila mara. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Wakati mmoja anatafuta gari la kwenda hospitali ya Micheweni au Wete, wengine waendelee kumwagia, na njiani pia. Kupoza kusingojee daktari.

Wazee, watoto wachanga, wajawazito, wenye sukari na wanaotumia dawa za presha zinazokojoza hufika hapo mapema kuliko wengine. Na katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya kaskazi. Mfungaji anayelazimika kwenda mwanini anywe maji ya kutosha tangu magharibi mpaka daku, si yote kwa mkupuo mmoja, na apunguze kahawa na vyakula vya chumvi nyingi usiku. Dalili za hatari zikimtokea, yeye ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja joto la juu na la chini. Programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu zina namba ya pili, ndogo, yenye maana ya joto linavyohisiwa, na mara nyingi pia asilimia ya unyevu. Tazama hiyo ya pili kabla ya kuamua saa ya kutoka. Kama simu yako haina, anika kanga iliyokamuliwa kwenye kamba ya kivulini asubuhi. Ikiwa bado mbichi baada ya saa mbili, jasho lako nalo halitakauka siku hiyo.